Mgeni Njoo, Kisiwa Kipone

Magharibi ya Pemba kuna kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Hakina mji. Wavuvi hupiga dago hapo, yaani kambi ya muda, wakavua, kisha wakarejea kwao. Usiku kasa hupanda ufukweni kutaga mayai. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, akaambiwa haupo. Basi kisiwa chenyewe kikawa msala wake. Na tangu mwaka 1998 Misali imehifadhiwa, na mafundisho ya dini yametumika kuwakumbusha wavuvi kuwa bahari ni amana.

Sasa, mtu huingiaje kwenye msala? Huvua viatu kwanza.

Ukijaliwa kufika kisiwa kama hicho, chukua maji yako ya kunywa, na chupa tupu urudi nayo. Usikanyage matumbawe, hukua polepole mno, na hatua moja huvunja kazi ya miaka. Usiku usimulike tochi ufukweni, kwani kasa akishtushwa na mwanga huenda akarudi baharini bila kutaga. Kombe tupu liache lilipo: kuna kaa anayelitafuta awe na nyumba. Na mvuvi umtake idhini kabla ya kumpiga picha.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi popote uendako leo, hata kama ni ofisini kwa mtu, jiulize: mwenyeji wangu atapona nini kwa ujio wangu?