Kiwanja Kikavu cha Mwezi wa Saba

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulivunja kingo zake. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na wilaya yetu ya Rubavu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Pale Nyundo, ambako mto unapita kabla ya kumwagika Ziwa Kivu, maji yaliwakuta watu vitandani.

Tulisema ni qadari ya Mwenyezi Mungu, na ndivyo. Lakini qadari haimwondolei dhima aliyemuuzia mwenzake kiwanja cha mtoni.

Ndugu zetu wanaosoma mipango miji wanamjua Burgess, ambaye mwaka 1925 aliueleza mji wa Chicago kama duara ndani ya duara: biashara katikati, wageni maskini jirani na katikati, wenye nacho nje. Hoyt akaja mwaka 1939 na kusema mji hukua kwa vipande, ukifuata njia kuu za usafiri. Gisenyi inamkaribia zaidi Hoyt, maana duara halina pa kukamilikia: huku ziwa, huku mpaka wa Goma, kwingine milima. Inabaki barabara ya Musanze, na barabara hiyo inapita Nyundo. Serikali nayo iliitaja Rubavu kati ya miji sita ya kuipunguzia Kigali mzigo. Watu wakaja, na mwenye fedha kidogo akanunua palipo rahisi, yaani karibu na maji.

Nadharia hizo zinaeleza mtu atakaa wapi. Dhambi ni ya nani akikaa mahali pa kumuua, hilo si swali lao.

Fiqhi ina neno juu yake. Wanachuoni waliweka harimu, eneo la kuzunguka kisima ambalo mwingine haruhusiwi kuliingilia. Wahanafi wanataja dhiraa 40 kwa kisima cha kunyweshea mifugo. Harimu ile ilikuwa ya kulinda maji na wanaoyatumia. Leo Sebeya inatutaka tuache ukanda kama huo ili tujilinde sisi.

Ipo pia habari mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta chini imelowa na juu kavu. Muuzaji alijitetea kwa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akamkemea kwa udanganyifu. Sasa fikiria kiwanja cha mtoni kinachoonyeshwa mwezi wa saba, kiangazi, vumbi tupu. Juu kavu.

Atasema mtu: mnunuzi ana macho, mto anauona. Anauona, ndiyo, ila mgeni aliyetoka mbali hajui maji yalifika wapi mwezi wa tano. Muuzaji anajua. Wala sioni kwamba mamlaka inayoweka alama ya kuhama imemaliza kazi, ikiwa haijamwonyesha mama mwenye watoto watano pa kwenda penye bei anayoimudu. Atarudi palepale, nasi tutamwita mkaidi.

Basi likizo hii mzee wako akikutuma umwonyeshe mnunuzi mipaka ya kiwanja, mpeleke pia kwenye ukuta wa jirani, umwonyeshe alama ya tope ilipofikia.