Kipupwe cha Moyo na Ukumbusho wa Mungu

Ndugu msomaji, ukipanda milima ya Usambara hadi Mponde katika mwezi wa Julai, utakuta mashamba ya chai yamefunikwa na ukungu, na jua halionekani mpaka asubuhi imekwenda sana. Huo ndio wakati wa kipupwe. Nguo hazikauki upesi, watu hujifungia ndani karibu na moto, na majani ya chai hukua polepole, hata mapato ya mkulima hupungua. Katika siku hizo wako watu ambao mioyo yao huwa mizito. Chakula hakiwapendezi, kazi huwachosha kabla hawajaianza, na hata sala huisali kwa uvivu.

Yanazuka hapa maswali mawili. Je, mtu wa namna hii amepungukiwa na imani? Na je, akikaa kimya na kumkumbuka Mungu ili apate nafuu, anafanya ibada au anaigeuza ibada kuwa dawa?

Tuanze na swali la kwanza. Wako wanaosema kwamba mwenye imani ya kweli hahuzuniki kamwe. Wengine hukimbilia kusema kwamba amerogwa. Kauli zote mbili hazina msingi. Kurani Tukufu inatusimulia habari za Nabii Yakub (a.s.), ambaye alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakaharibika kwa huzuni, wala Mwenyezi Mungu hakumwita mtu asiye na imani. Yeye alimshtakia Mungu majonzi yake, wala hakukata tamaa na rehema Yake. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) naye alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alikuwa akiomba mara kwa mara alindwe na huzuni, wasiwasi na uvivu. Kama huzuni isingeweza kumfikia muumini, ombi hilo lingekuwa na maana gani?

Tena elimu ya tiba imethibitisha kwamba majira huweza kuugusa moyo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Marekani waliueleza ugonjwa wa huzuni unaorudi kila majira ya baridi, mchana unapokuwa mfupi. London, mwezi wa Desemba, mchana haufiki saa nane. Sisi tulio karibu na Ikweta hatuna upungufu huo, kwa kuwa tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi huku Usambara ni kama nusu saa tu. Kwa hiyo tusidai kwamba tuna ugonjwa uleule. Lakini baridi, mawingu, kukaa peke yako na mfuko mtupu hutosha kumlemea mwanadamu.

Jambo hili halipaswi kumshangaza Mwahmadiyya. Katika hotuba yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi wa Desemba 1896, Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alieleza kwamba mwili na roho vimeungana, na hali ya kimoja hukiathiri kingine. Ndiyo sababu sala ya Kiislamu ina kusimama, kurukuu na kusujudu: mwili unyenyekeapo, roho nayo hufunzwa kunyenyekea.

Sasa tulitazame swali la pili. Katika nchi za Magharibi imeenea desturi ya kukaa kimya, kuifuata pumzi na kutuliza mawazo. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa huko Massachusetts njia zilizotokana na mafundisho ya Kibudha, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba njia hizo huwapunguzia baadhi ya watu huzuni na wasiwasi. Hatuna haja ya kulikanusha hilo. Kutulia kuna faida, na Muumba ndiye aliyeuumba mwili upate raha kwa kutulia.

Lakini zingatia tofauti. Anayeifuata pumzi yake huishia katika nafsi yake mwenyewe. Anayemkumbuka Mungu huelekea kwa Yule aliyempa pumzi hiyo. Sura Ar-Raad inatufundisha kwamba mioyo hupata utulivu kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Angalia vema: utulivu ni tunda, na Mungu ndiye mti. Mwenye kutaka tunda tu ataukata mti siku tunda lisipoonekana. Atasema: "Nimesali siku kumi, wala moyo wangu haujachangamka, basi sala haifai." Huyo amemfanya Mungu kuwa mtumishi wake. Bali anayemwabudu Mungu kwa kuwa ndiye anayestahili kuabudiwa ataendelea hata katika ukungu, akijua kwamba jua halikufa kwa kuwa halionekani.

Je, ni kosa basi kuomba nafuu? La, hasha! Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliiona sala kuwa pumziko lake. Kosa si kuomba nafuu; kosa ni kumwacha Mungu nafuu inapochelewa.

Liko onyo jingine. Utulivu usiwe usingizi wa kusahau haki. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, wakulima wengi walikosa mahali pa kuuzia majani yao kwa miaka mingi. Kumwambia mzazi asiye na ada ya mtoto wake akae kimya na kutafakari, kisha tukaenda zetu, ni ukatili uliovikwa nguo ya dini. Huzuni yenye sababu hutaka sababu yake iondolewe, na jirani ana wajibu katika hilo. Vivyo hivyo, mtu ambaye huzuni yake inamkosesha usingizi majuma mengi, au anayefikiri kujiua, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kuona aibu. Lutindi, katika milima hiihii ya Usambara, wagonjwa wa akili wamehudumiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kutafuta dawa, na dua haiizuii dawa.

Basi, ndugu mpendwa, kipupwe kikija, jaribu hivi. Baada ya sala ya Alfajiri usirudi kitandani. Keti kidogo, umtukuze Mola wako kwa maneno unayoyafahamu maana yake, na uzihesabu neema zake moja moja. Kisha toka nje mwanga upatikanapo, ukamjulie hali jirani ambaye mlango wake haujafunguliwa siku mbili. Huenda ukaenda kumfariji, ukarudi umefarijiwa wewe.

Mwenyezi Mungu aijaze mioyo yetu nuru Yake wakati wa jua na wakati wa ukungu. Amin.