Kodi na Mpaka wa Rombo

Mkulima wa Tarakea, wilayani Rombo, huiona Kenya kwa macho akiwa shambani kwake. Kwa hiyo, mpaka ulipofungwa baina ya Februari 1977 na Novemba 1983, hakuhitaji takwimu ili alinganishe nchi hizi mbili. Alijua kwamba upande wa pili kahawa ilikuwa na bei nzuri zaidi, na sabuni ilipatikana dukani. Huku kwetu kahawa ilikatwa ushuru, malipo yalichelewa, na vyama vikuu vya ushirika vilikwisha vunjwa mwaka 1976. Basi wako waliobeba magunia usiku.

Tuliwaita walanguzi, nasi hatukujiuliza kwa nini serikali iliyodai haki yake kwa ukali ililipa deni lake kwa uzembe. Lawama hiyo twaikubali. Lakini mtoto wa mbeba magunia naye alisoma shule ya msingi bila ada, kwani ada ilifutwa mwaka 1973. Ni nani aliyemlipia mwalimu wake? Ni yule jirani aliyepeleka kahawa yake Moshi, akakatwa ushuru, akarudi nyumbani bila sabuni.