Diski ya Aliyelala

Laptopu ni moja, sisi ni wawili. Dadangu mdogo anatumia Windows kwa kazi za chuo, mimi natumia Linux kuhariri video. Ukiiwasha, inakuuliza unataka mfumo gani. Diski tumeigawana kama wapangaji wa ploti moja, isipokuwa dirisha liko upande mmoja tu: nikiwa kwa Linux naona mafaili yake yote, naye akiwa kwa Windows haoni yangu.

Dadangu haizimi. Anailaza, manake stima ya mtaa wetu haina adabu na betri imezeeka. Haibaneti si ule usingizi wa kufunga kifuniko tu. Windows hunakili kila kilicho kwenye memori, hadi ile sentensi uliyoiacha katikati, ikakiweka katika faili moja kwenye diski, kisha mashine inazima kabisa. Hata betri unaweza kuing'oa. Ikiamka, inarudishiwa kumbukumbu zake na kuendelea kana kwamba hakuna wakati uliopita.

Shida iko kwa hiyo "kana kwamba". Ndani ya kumbukumbu hizo mna ramani ya diski ilivyokuwa jana. Nikiandika chochote upande wake akiwa amelala, Windows ikiamka itaiamini ramani ya jana na kuandika juu ya vitu vya leo bila wasiwasi wowote. Mafaili yanaharibika, yake na yangu. Ndiyo maana Linux ikikuta mwenzake amelala inakufungulia mlango nusu: kusoma ruksa, kuandika hapana.

John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, katika sura aliyoiongeza kwenye kitabu chake mwaka 1694, anatuomba tuwaze mwili mmoja wenye fahamu mbili zisizojuana, moja ya mchana, nyingine ya usiku. Kwake hao ni watu wawili, kwa sababu mtu ni fahamu yake wala si mwili. Sawa. Swali langu ni la wapangaji: huyu wa usiku ana deni gani kwa yule wa mchana?

Ilikuwa saa nane usiku. Sehemu yangu ya diski imejaa, mteja anataka video asubuhi, nafasi iko kwa dadangu pekee. Linux ikakataa. Ujumbe ulikuwa wazi: amsha Windows uizime kabisa, au utosheke na kusoma. Nenosiri analo yeye, na yeye alikuwa amelala chumba cha pili. Nikajiambia nisimsumbue, amechoka. Huruma hiyo ilikuja haraka sana, na ilinifaa sana.

Kumbe iko amri ya kuifuta ile faili ya usingizi. Niliitafuta kwa simu, nikaiandika. Diski ikafunguka.

Utetezi wangu ni huu. Ukiamka ukute chumba kitupu, unajua umeibiwa. Ukiamka ukute kila kitu kimesogezwa gizani na hujui, wewe mwenyewe ndiye utakayevivunja vyombo vyako. Afadhali kufuta wazi kuliko kumwachia ramani ya uongo. Bado naamini hoja hiyo ni kweli. Lakini niliitumia kuchagua ubaya mdogo kati ya mbili, ilhali kumwamsha kungechukua dakika tano.

Asubuhi Windows iliwaka safi, haina kitu. Insha yake alikuwa ameihifadhi mara ya mwisho kabla ya chakula cha jioni. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Si ungeniamsha?"

Siku hizi anahifadhi kila aya, kisha anazima. Hata kuzima kwenyewe si kuzima: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwa laptopu nyingi kitufe hicho hufunga programu zako lakini hukilaza kiini cha mfumo. Nilimwambia kuna mahali pa kuondoa mpangilio huo, nikajitolea kumwonyesha. Akakubali, ila akaniambia kwanza nigeuke, aandike nenosiri.