Kemia Ukubwani

Husemwa samaki mkunje angali mbichi, na kwa hoja hiyo mama mchuma chai wa Nyamira anayefungua kitabu cha kemia akiwa na miaka 40 huonekana amechelewa. Sikubali. Methali hiyo inahusu malezi, haimfungii mtu mlango wa maarifa. Aliyechuma majani chai miaka mingi anajua kwamba jani likisagwa kiwandani hugeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba. Kemia humweleza kuwa ni oksijeni ya hewani inayofanya kazi hiyo. Anakuja darasani na swali ambalo wengi wa Kidato cha Tatu hawajawahi kujiuliza.

Wapo wanaouliza, na wana haki, kwa nini mzazi ajilipie masomo wakati karo ya mwanawe haijatimia. Hoja hiyo ni nzito, maana akifanya mtihani wa KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, atahitaji pia kulipia maabara kwa karatasi ya tatu ya kemia, ile ya vitendo, ambapo tone moja la asidi kutoka kwenye bureti huifuta rangi ya waridi chupani. Basi apange, asubiri muhula mmoja ikibidi. Lakini mfano wa talanta, unaohubiriwa sana makanisani Kisii, unamlaumu aliyefukia alichopewa. Haumtaji aliyechelewa kuanza. Na kemia hiyo ikimfikisha hadi kuhitimu ufamasia, mgonjwa atakayepokea dawa mkononi mwake atataka kipimo kiwe sahihi tu.