Kivukoni

Mpendwa, Jumamosi iliyopita niliombwa niwe mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano ya hotuba ya vijana wa jamii yetu ya Wakongomani hapa Louisville, Kentucky. Ukumbi ulikuwa chini ya kanisa, sombe inanukia kutoka jikoni. Kila mwamuzi alipewa kalamu na karatasi ya alama: ujumbe 40, mpangilio 30, lugha na matamshi 30. Nilijiona mtu mkubwa kidogo, sitakuficha.

Wa nne kupanda alikuwa binti wa miaka 14. Alizaliwa kambini Nyarugusu, kule Kigoma, ambako wazazi wake walikimbilia kutoka Fizi, akaletwa huku hata shule hajaanza. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaanza kutueleza habari za mama yake anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala, na katikati akasema, "Mama yangu anamfuta Yesu kila siku."

Alitaka kusema anamfuata. Ukumbi ukaangua kicheko, na waliocheka ni watu wazima. Binti akanyamaza. Akaikunja ile karatasi mara ya tano.

Mimi sikucheka. Nilishusha macho nikaandika 12 kwenye lugha.

Unakumbuka kisa kile cha sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi? Watu wa Gileadi, jeshi la Yeftha, walivishika vivuko vya Yordani, na kila aliyetaka kuvuka akatakiwa atamke neno moja tu: Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa. Walisema Sibolethi, wakauawa palepale. Wakaanguka watu 42,000, na wote walikuwa wana wa Israeli, ndugu kwa ndugu. Futa na fuata nazo zimeachana kwa herufi moja. Je, mpendwa, nami sikuwa nimesimama kivukoni, kalamu mkononi?

Tena ni mimi ninayesema "kitabu yangu" tangu utoto wangu Uvira! Mtu wa Unguja akinisikia, sijui kama 12 ningeipata.

Na kuna kivuko kingine, cha Kiingereza. Mwezi uliopita muuguzi aliniuliza mara tatu nimesema nini, nami nikarudia mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Aliyenivusha ni mwanangu wa mwisho, rika la binti yule. Alisema kwa niaba yangu, kwa upole, wala hakucheka. Watoto hawa ndio wanaotusomea barua za shule na bili za umeme. Ni lini mara ya mwisho walitudai shibolethi?

Binti alimtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa mstari wa pili, bado na koti la kazini, naye hakuwa anacheka. "Anamfuata," binti akasema, "hata akiwa amechoka." Akaendelea mpaka mwisho, ukumbi kimya.

Ile 12 sikuibadilisha. Karatasi ilitaka matamshi, na watoto wengine nao walikuwa wamehangaika na matamshi yao. Kilichoniuma ni yale macho niliyoyashusha, maana mtoto aliyechekwa hutafuta uso mmoja wa kushikilia, na wangu ulikuwa kwenye karatasi. Tuzo zilipokwisha kutolewa (yeye alikuwa wa tatu) nilimfuata jikoni nikamwambia, "Binti yangu, unisamehe. Ulipochekwa, sikukutazama."

Akanitazama kama mtu asiyejua la kujibu. Kisha akachukua sahani. "Pasta," akasema, "nikuwekee sombe?"

Nilikula nimesimama, karibu na sinki, naye akinisimulia jinsi alivyoiandika ile hotuba ndani ya basi la shule.

Mpendwa, juma hili mwanao akikosea neno mezani, usimkatize. Mtazame mpaka amalize.