Ungenitafuta Uniambie?

Gari likiwa limelowa halina kasoro. Hilo ndilo jambo la kwanza unalojifunza ukiosha magari ya watu. Maji yanafunika mikwaruzo, rangi iliyopauka, hata uvivu wako. Mteja analipa, anaondoka akimeta. Ukweli hujitokeza baadaye, gari likishakauka, na wewe haupo.

Niliosha magari Machakos mjini kwa miezi kadhaa baada ya kuacha chuo. Siku moja ya Februari, saa sita mchana, jua kali la kuchoma utosi, mwalimu mmoja alileta gari jeusi. Jipya, alisema. Unajua "jipya" yetu: limeshazunguka Japani miaka saba hivi, maana sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza lililozidi miaka minane. Lakini namba ilikuwa mpya, mkopo wa Sacco ulikuwa mpya, na furaha yake pia. Basi, lilikuwa jipya.

Foleni ilikuwa ndefu. Nikaliosha, nikalisuuza, nikafuta vioo. Bodi nikaliachia jua likaushe.

Jumatatu akarudi. Boneti na paa vilikuwa vimejaa viduara vyeupe, kama mtu amenyunyiza chokaa.

Sasa, maji yetu. Pale tulitumia ya kisima, na mtu wa Ukambani hahitaji maabara kujua maji ya chumvi. Angalia tu ndani ya sufuria ya chai, ule ukoko mweupe. Ni madini, hasa kalsiamu na magnesiamu, ambayo maji yameyabeba kutoka kwenye miamba. Tone likikauka, maji yanapaa, madini yanabaki. Ukiwahi, mara nyingi siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inatosha: unapaka kivulini, unangoja kidogo, unasuuza, unakausha kwa kitambaa laini. Ukichelewa, jua linalipika lile doa hadi linaila laka. Hapo siki haina kazi tena. Inabidi kung'arisha, na kung'arisha maana yake ni kuikwangua laka ya pembeni mpaka ilingane na kale kashimo. Yaani unaondoa doa kwa kulipunguza gari lenyewe.

Mwenzangu aliyenitangulia kazini alinivuta kando. "Msee, mwambie ni mvua."

Mvua gani? Hatukuwa tumeona hata wingu wiki nzima.

Mimi nilikuwa na utetezi mzuri kuliko huo: sikujua. Hakuna aliyenifundisha habari za madini. Lakini kila nikiupima utetezi huo, naona umepungukiwa. Sikujua madhara, sawa. Ila nilijua kabisa kwamba nimelipua kazi. Nadhani makosa yetu mengi yako hivyo. Hatujui yatamuumiza nani, lakini tunajua vizuri mahali tulipolipua.

Nikamwambia, "Mwalimu, ni mimi. Sikulikausha." Tukalisogeza kivulini, nikanunua siki kwa pesa yangu. Madoa mengi yalitoka. Machache ya kwenye paa yalikataa.

Alinitazama, wala si kwa hasira. "Kijana wangu, nisingerudi, ungenitafuta uniambie?"

Alikuwa amelipa kwa M-Pesa. Jina na namba yake vilikuwa kwenye simu yangu tangu Jumamosi.

Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Plato ana hadithi ya mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Akaitumia kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali linaloulizwa pale ni hili: nani angebaki mwadilifu akiwa na pete kama hiyo? Nilipoisoma chuoni nilidhani inahusu wezi wakubwa. Siku hizi naona kila mtu ana yake. Fundi aliyekwisha kufunga injini anayo. Muuza maziwa aliyeongeza maji anayo. Mteja akishapinda kona, hata mwosha magari ameivaa.

Utaniuliza: kwa shilingi 300, nusu zikienda kwa mwenye mahali, unamdai kijana uadilifu wa Sokrates? Swali la haki. Malipo madogo yanaweza kupunguza kazi ninayodaiwa kufanya. Sidhani yanapunguza ninachodaiwa kusema. Kukausha gari zima kunakula muda, na muda ni mteja mwingine. Kusema "hili sikulikausha, lipanguse ukifika" hakuli kitu. Tena kuna tofauti kati ya kukiri na kuungama baada ya kushikwa. Mimi niliungama. Mwalimu aliliona hilo kabla yangu, ndiyo maana hakunisifu.

Nilimjibu, "Hapana, mwalimu. Nisingekutafuta."

Akatikisa kichwa, akawasha gari, akaenda na madoa yake ya paani.

Jioni hiyo nilipekua jumbe za M-Pesa. Kwa hesabu yangu, magari manne ya rangi nyeusi yalikuwa yamepita mikononi mwangu wiki ile, mchana, bila kukaushwa. Niliandika maneno yaleyale kwa watatu: ni mimi niliyeosha, sikukausha, tumia siki na maji, kivulini, fanya mapema. Mmoja alishukuru. Mmoja aliuliza ni matapeli gani hawa. Mmoja hakujibu.

Wa nne alikuwa mtu mkali, rafiki wa mwenye mahali. Niliogopa kazi yangu. Niliandika, nikafuta, nikajiambia kesho.

Ile kazi nilishaiacha. Namba yake bado ninayo.